Nakala Mbili za Habari za Kilwa: Nani Alitangulia Kisiwani?

Katika mihadhara yetu mara nyingi husikika kauli kwamba Uislamu uliletwa Kilwa na mwana wa mfalme kutoka Shirazi, aliyenunua kisiwa kwa nguo, na kwamba kabla yake hapakuwa na Muislamu pale. Kauli hii husemwa kama jambo lililokwisha thibiti. Akiulizwa msemaji ameitoa katika kitabu gani, hujibu "historia inasema". Kwa aliyefundishwa kwamba habari haipokewi mpaka ijulikane imepita kwa nani, jibu hilo halitoshi.

Vitabu tunavyotegemea vimetufikia kwa njia mbili. Kilichotangulia kupigwa chapa si cha Kiarabu. Ni kitabu cha Mreno João de Barros, kilichotoka Lisbon mwaka 1552, ambacho ndani yake mna muhtasari wa tarehe ya wafalme wa Kilwa. Barros hakufika Kilwa. Alikuwa mtumishi wa serikali katika ofisi iliyosimamia biashara ya Mashariki, na nyaraka za manahodha na magavana zilipita mikononi mwake. Cha pili ni Kitabus-Sulwa fi Akhbari Kulwa. Nakala yake ilitoka Unguja kwa Sultani Barghash bin Said, akapewa balozi wa Kiingereza John Kirk, ikaishia London. Matini yake ya Kiarabu ilichapishwa na Arthur Strong mwaka 1895. Kati ya chapa hizi mbili kuna miaka 343, na wengi wetu husimulia kwa kuzichanganya bila kujua.

Kazi ya kulinganisha chapa za kale wanazuoni wa Ulaya wameifanya, kwa mfano, juu ya Sirrul-Asrar, kitabu cha nasaha kwa watawala kilichotolewa Kiarabu kikatiwa Kilatini katika karne ya 12 na ya 13. Wanafunzi wetu huku Chanika nao huifanya kila siku wanapokaa na mwalimu, mmoja akisoma na wengine wakifuatilia katika nakala zao. Basi na tuifanye kwa Kilwa.

Kwa Barros, mhajiri ni Ali, mmoja wa wana saba wa Sultani Husein wa Shirazi. Mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, ndugu zake wakamdharau, naye akaondoka Hormuz na jahazi mbili kwa kusikia habari za dhahabu. Kitabu cha Kiarabu hakina dharau hiyo. Kinamtaja sultani mwenyewe aliyeota panya mwenye pua ya chuma akitoboa ukuta, akajua nchi yake itaharibika, akatoka na wanawe sita kwa majahazi saba. Moja lilitua Mombasa, jingine Pemba, jingine Nzwani, na la sita Kilwa.

Hata jina lina mashaka. Barros ameandika Hocen, yaani Husein. Lakini sarafu za shaba zilizookotwa Kilwa zinasomeka Ali bin al-Hasan. Anayejua khati ya Kiarabu ataona wepesi wa kosa hilo: ni jino moja tu la yaa. Sarafu haikunakiliwa na mtu baada ya mtu, kwa hiyo mimi naitanguliza. Sarafu za jina hilohilo zilipatikana pia Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, pamoja na dinari za dhahabu ambazo ya mwisho wake ni ya karne ya 11. Hapo tunapata mwanga wa zama zake ambao hatukuupata katika kitabu chochote.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Kitabu cha Kiarabu kinasema wazi kwamba wageni walipofika walimkuta kisiwani Muislamu na jamaa zake, aitwaye Muriri wa Bari, na palikuwa na msikiti. Yeye ndiye aliyewatafsiria maneno kwa mfalme wa pale, ambaye hakuwa Muislamu, na mfalme akakubali kuuza kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Mfalme alipovuka bara kwa nia ya kurudi na jeshi, wakachimba mkondo ili maji yasikupwe njia ikaonekana.

Katika Barros hamna Muriri wala msikiti. Kisiwa kinauzwa kwa nguo, wenyeji wanahamia bara, basi. Msomaji wa haraka atasema: tazama, hakukuwa na Waislamu. Lakini asome mstari unaofuata. Barros anasema Ali alijenga ngome si kwa kuwahofia wenyeji tu, bali pia kwa kuwahofia Waislamu wa Songo na Shanga waliokuwa jirani!

Kuhusu nguo, huenda riwaya mbili hizi zimechota kisima kimoja, kwa sababu zinafanana mno. Kuhusu Waislamu waliotangulia, hazifanani hata kidogo: moja inamtaja mtu na msikiti kisiwani, nyingine inataja miji ya jirani yenye uadui. Habari zilizotofautiana namna hii hazikunakiliana, na zikikutana katika asili moja, asili hiyo hupata nguvu.

Wala tusisahau kila mmoja alimwandikia nani. Mwandishi wa Sulwa, aliyezaliwa Shawwali 904 (1499), aliandika kwa kuombwa na Sultani Muhammad bin Husein, baada ya Wareno kuupiga mji mwaka 1505. Anawaeleza Wareno kuwa wapelelezi waliokuja kunyang'anya nchi. Barros naye alimwandikia mfalme wa Ureno, na kwake Muhammad Ankoni, waliyemtawaza mwaka huohuo, ni rafiki mwaminifu. Katika habari za tawala nawatilia shaka wote wawili. Muriri wa Bari hakuwa na faida kwa yeyote kati yao. Sioni sababu ya mwandishi wa sultani kumzua mtu anayepunguza fahari ya bwana wake.

Mwandishi aliahidi milango kumi, na nakala ya London inaishia wa saba. Wenye masanduku ya vitabu vya mababu Kilwa, Lindi na Unguja na wayafungue, wakague kurasa zisizo na mwanzo wala mwisho.