Mgema asiyelitia maji tembo

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Leo nakuletea habari za wagema wa Ufaransa waliosifiwa zaidi ya miaka 150, na maji hawajatia.

Mwaka 1849, katika jimbo la Champagne, kijana wa miaka 18, Pol Roger, alianza biashara ya ile divai yenye mapovu tunayoiita shampeni. Alifariki dunia mwishoni mwa mwaka 1899, akawaachia kazi wanawe Maurice na Georges. Februari 1900, maghala yao yaliyochimbwa chini ya mji wa Epernay yaliporomoka. Mapipa 500 na chupa milioni moja na nusu zikafukiwa usiku mmoja.

Katika miji yetu, mara nyingi arobaini ya mzee haijafika, watoto wameshagombania duka. Hawa hawakugawana kifusi. Waliomba kibali cha serikali, jina zima la baba likawa jina la ukoo: Pol-Roger.

Na jina hilo hulindwaje? Shampeni ya kawaida ni mchanganyiko wa divai za miaka mbalimbali, mwaka mzuri ukiubeba mbaya. Lakini chupa iliyoandikwa mwaka hutokana na zabibu za mwaka huo tu, na sheria hudai ilale miaka mitatu kabla ya kuuzwa. Jua likigoma, mvua ikiozesha zabibu, mwaka hauandikwi. Mwenye mali hukubali kukosa faida ili asikose kuaminiwa.

Septemba 1914 Wajerumani waliiteka Epernay. Maurice alikuwa meya. Walitishia kumpiga risasi, naye hakukimbia. Walipofurushwa, zabibu zilivunwa huku mizinga ikinguruma, na divai ya mwaka huo ikapata sifa kubwa. Hata Winston Churchill alikuwa mteja wao mkubwa, na mwaka 1984 walitoa divai yenye jina lake.

Mwaka 2018, mafundi waliokuwa wakichimba pale pale walikuta chupa za ajali ile ya 1900, baadhi zikiwa nzima. Kampuni bado ni mali ya familia.

Basi, msikilizaji, ukimwachia mwanao duka, mwachie na siku zile ulizokataa kuuza kibovu. Bidhaa hufukiwa na kifusi. Uaminifu wa mwenye duka hubaki juu ya ardhi.