Arthur Wharton, Mlinda Lango wa Kwanza wa Ujira Mzaliwa wa Afrika

Katika mwaka 1912 Wamethodisti wa Kiingereza, ambao tangu 1862 walikuwa na makao yao Ribe, nyuma ya Mombasa, walifika Meru na kuianzisha kazi yao Kaaga, hali Waanglikana wa CMS walikuwa wamekwisha kuwatangulia kwa miaka miwili kufungua kituo Kigari katika nchi ya Waembu. Na palipokuwa na misheni pakawa na shule, na palipokuwa na shule pakafyekwa uwanja, na uwanjani humo, pamoja na gwaride na mazoezi ya viungo, ukachezwa mpira wa miguu. Vijana wa Meru na Embu walioupiga mpira ule kwa nyayo tupu, wakifundishwa na walimu wa dini kwamba mchezo ni sehemu ya adabu ya Mkristo, hawakuambiwa kwamba wakati uleule, katika jimbo la Yorkshire, alikuwa akiishi Mwafrika aliyezaliwa katika nyumba ya mhubiri wa Kimethodisti, ambaye alikuwa amekwisha kuifanya kazi ya kulinda lango kwa ujira, katika nchi ileile ulikotoka mchezo wenyewe. Jina lake ni Arthur Wharton, nami naona taarikhi ya kandanda katika nchi zetu ina upungufu ikiwa yeye hakutajwa ndani yake.

Alizaliwa Jamestown, katika mji wa Accra, tarehe 28 Oktoba 1865. Baba yake, Henry Wharton, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti mzaliwa wa kisiwa cha Grenada, na mama yake, Annie Florence Egyriba, alikuwa na nasaba ya ukoo wa kifalme wa Wafante. Kwa hiyo kijana huyu hakuwa maskini wala mnyonge wa ukoo, na wakubwa wake walimkusudia kuwa mwalimu au mmishenari. Ndiyo sababu akapelekwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1880, akatiwa katika chuo cha Cleveland kilichokuwa Darlington. Ilivyo ada ya vijana wenye kipaji, masomo yakaanza kushindana na viwanja, na viwanja vikashinda. Alikimbia, akapanda baiskeli za mashindano, akacheza kriketi, na katika mpira akajichagulia mahali ambapo wengi hupakimbia, yaani langoni.

Sifa yake ya kwanza ilikuja kwa miguu. Mwezi Julai 1886, katika mashindano ya ubingwa wa taifa yaliyofanywa Stamford Bridge, London, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 barabara, jambo ambalo hakuna aliyepata kulifanya kabla yake katika mashindano yale, na mwaka uliofuata akautetea ubingwa wake. Msomaji na atafakari: huu ulikuwa wakati ambapo mataifa ya Ulaya yalikuwa yametoka tu katika mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 kugawana bara la Afrika, na vitabu vya wasomi vilikuwa vikifundisha kwamba Mwafrika ni duni kwa akili na kwa mwili, kisha Mwafrika mmoja akawapita wote mbele ya macho yao, saa zikiwa mikononi mwa waamuzi wao wenyewe.

Lakini mbio zilikuwa ni jambo la sekunde chache, na mpira ulikuwa ni riziki. Ili tuifahamu thamani ya kazi yake yatupasa kwanza kuifahamu hali ya lango katika zama zile, kwa kuwa golikipa wa leo, ambaye akiguswa kidogo tu filimbi hulia, asingeweza kuitambua. Kanuni ziliruhusu mshambulizi kumkumba mlinda lango kwa bega na kumsukuma yeye pamoja na mpira wake hadi ndani ya goli, na goli likahesabiwa halali; hapakuwa na sare ya rangi mbali ya kumtenga na wenzake, jambo lililokuja kuamriwa 1909; hapakuwa na nyavu wala penalti mpaka 1891; na kwa upande mwingine, mlinda lango alikuwa na ruhusa ya kuushika mpira hata mbali na lango lake, katika nusu nzima ya uwanja iliyo ya timu yake, ruhusa iliyoondolewa 1912. Basi kazi ile ilimtaka mtu mwenye nguvu za kustahimili misukosuko, mwenye mbio za kumwezesha kutoka na kurudi, na mwenye moyo usiotishika. Wharton alikuwa na hayo yote matatu. Waliomwona wameeleza kwamba alikuwa akichutama kando ya mlingoti kana kwamba mchezo haumhusu, mpaka mpira ulipokaribia kabisa, ndipo akajirusha na kuupangua kwa ngumi ambayo mabeki wake waliitegemea kuliko mateke yao wenyewe. Mtazamaji mmoja aliliandikia gazeti la Sheffield mwaka 1942, baada ya karibu nusu karne, kwamba alimshuhudia akirukia mtambaa-panya, akaning'inia kwa mikono, akaudaka mpira kwa miguu, na washambulizi watatu waliokuwa wakimjia kwa kasi wakaangukia nyavuni. Kumbukumbu ya mzee huweza kuongeza chumvi, lakini habari hii yaafikiana vizuri na yote tuyajuayo juu ya wepesi wake, nami siioni sababu ya kuikataa.

Kutoka Darlington alichukuliwa na Preston North End, klabu iliyokuwa ikitisha kaskazini yote, akalinda lango lao katika msimu wa 1886–87 walipofika nusu fainali ya Kombe la Chama cha Mpira na kushindwa na West Bromwich Albion. Aliondoka 1888, wakati usio na bahati, kwani msimu uliofuata, ambao ndio wa kwanza wa Ligi, Preston walitwaa ubingwa pasipo kufungwa hata mchezo mmoja, na Kombe wakalitwaa pasipo lango lao kuingia goli. Hata hivyo katika klabu hizo mbili alikuwa bado akihesabiwa mchezaji wa ridhaa. Malipo ya halali kwa wachezaji yaliidhinishwa Uingereza mwaka 1885 tu, baada ya ugomvi mkali baina ya mabwana wa kusini, walioona kwamba fedha huutia mchezo najisi, na klabu za miji ya viwanda ya kaskazini, ambazo wachezaji wao walikuwa ni vibarua wasioweza kuuacha ujira wa Jumamosi bila fidia. Wharton alivuka mpaka huo 1889 alipojiunga na Rotherham Town kwa mshahara. Na kuanzia siku hiyo twaweza kumwita mtu wa kwanza mzaliwa wa Afrika aliyefanya kandanda kuwa kazi. Wako wanaotaja jina la Andrew Watson, mzaliwa wa Guyana aliyeiongoza Scotland kama nahodha mwaka 1881, na wako wanaodhani kwamba yeye naye alilipwa baadaye alipochezea Bootle; hoja hiyo waendelee kuijadili wenyewe, lakini Watson hakuwa mlinda lango, wala hakuzaliwa katika bara letu.

Rotherham ndiko alikooa na kukaa miaka yake mizuri. Mwaka 1894 Sheffield United wakamwita katika daraja la kwanza, lakini hapo akakutana na William Foulke, kijana aliyesajiliwa mwaka uleule, pandikizi la mtu ambaye baadaye alipita ratili 280 kwa uzani, na ambaye Waingereza humtaja hadi leo miongoni mwa walinda lango wao mashuhuri. Wharton alikuwa amekaribia umri wa miaka 30, Foulke alikuwa na 20, na klabu haikusita sana katika uchaguzi wake. Mchezo mmoja tu wa ligi alipewa, dhidi ya Sunderland mwaka 1895, na kwa mchezo huo mmoja akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika daraja la juu la Uingereza. Baada ya hapo mteremko: Rotherham tena, kisha Stalybridge Rovers, Ashton North End iliyofilisika, na mwisho Stockport County, ambako alivivua viatu 1902.

Hapakuwa na kiinua mgongo wala pensheni kwa mchezaji wa wakati ule. Mtu aliyekuwa bingwa wa mbio wa taifa zima aliingia katika kazi ya migodi ya makaa ya mawe, akaishia katika mgodi wa Yorkshire Main huko Edlington, na tarehe 13 Desemba 1930 akafariki akiwa fukara, akazikwa pasipo jiwe wala jina. Miaka miwili baadaye, mwaka 1932, matawi ya Kimethodisti ya Uingereza, lile alilolitumikia baba yake huko Ghana na lile lililofungua Kaaga, yakaungana kuwa kanisa moja. Lakini katika kanisa hilo moja hakuna mwalimu aliyetuletea habari zake. Kaburi lake lilikaa kimya mpaka 1997, wakati kampeni ya kupinga ubaguzi katika mpira, iliyoanzia Sheffield, ilipoliwekea jiwe, ikisaidiwa na utafiti wa mwanahistoria Phil Vasili. Mwaka 2003 akaingizwa katika jumba la heshima la mpira wa Uingereza, na 2014 sanamu yake ikasimamishwa St George's Park, kituo cha timu ya taifa.

Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kombe la Gossage, lililoanza kushindaniwa na Kenya na Uganda mwaka 1926 kwa ufadhili wa watengenezaji wa sabuni, liliwapa wachezaji sifa kuliko fedha. Na hata baada ya uhuru, aghalabu mchezaji alilipwa kwa mlango wa nyuma wa ajira, akiandikwa karani au fundi katika shirika la reli au kiwanda cha bia, naye akiiombea kazi hiyo idumu baada ya magoti kuchoka. Nadhani mpango huo, pamoja na kasoro zake, uliwaokoa wengi na yale yaliyompata Wharton. Mahmoud Abbas wa Mombasa, aliyeitwa na mashabiki Kenya One, alilinda lango la Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, ilipotwaa Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, na jina lake lingali midomoni mwa watu. James Siang'a, aliyekuwa langoni katika kikosi kilichoipeleka Kenya kwa mara ya kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, Yaoundé 1972, alipata kile ambacho Wharton hakukipata, yaani nafasi ya kuufundisha ujuzi wake. Mwaka 2003, akiwa kocha wa Simba ya Dar es Salaam, aliipeleka timu hiyo Cairo kuwakabili Zamalek, waliokuwa mabingwa wa Afrika. Shauri likaamuliwa kwa penalti, na aliyewang'oa mabingwa wale alikuwa golikipa wake, Juma Kaseja.