Pasaka ya Tarehe 14 Aprili na Mabingwa wa Tope

Wadau, kuna ubishi mmoja usioisha kwenye vijiwe vya bodaboda kuanzia Mombo, Soni mpaka Lushoto mjini. Ubishi wenyewe ni huu: nani anajua kuendesha mvua ikinyesha? Siyo nani ana mbio, maana barabara ikiwa kavu mbio kila kijana anazo. Swali ni nani anashuka kutoka Mlalo au Lukozi mwezi wa nne, abiria nyuma, gunia la karoti limefungwa juu ya kerea, halafu anafika salama. Humo humo wanachanganywa akina Valentino Rossi na Marc Marquez waliowaona kwenye televisheni, na kila mtu ana wake.

Mimi ubishi huu naupenda kwa sababu una babu yake. Zaidi ya miaka 60 iliyopita watu wa Afrika Mashariki walibishana vivyo hivyo, ila wakati ule ilikuwa magari, na mashindano yenyewe yaliitwa Safari. Sisi Watanzania tumeshasahau kwamba yale mashindano yalikuwa ya kwetu pia, na kwamba milima ya Usambara ilikuwa moja ya sehemu zilizowanyima madereva usingizi.

Kwa wale wasiojua, yalianza mwaka 1953. Malkia Elizabeth II wa Uingereza alikuwa anavishwa taji tarehe 2 Juni, na walowezi wa Nairobi wakataka kusherehekea. Wazo lilitoka kwa Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent, ambaye hakuona utamu wowote wa kuzungukazunguka kwenye kiwanja kimoja. Basi wakabuni safari ya maelfu ya kilomita kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, wakaiita Coronation Safari. Mwaka ule hakukuwa hata na mshindi wa jumla. Magari yaligawanywa madaraja kwa kufuata bei yake. Kumbuka Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Kuna waliokuwa kwenye kambi za kizuizini, na kuna waliokuwa wanafukuzana na magari. Mwaka 1960 jina likabadilika, ikawa East African Safari Rally.

Walioyaandaa waliyaweka wikiendi ya Pasaka. Sababu ni rahisi, ni mapumziko marefu. Lakini Pasaka kwetu ndiyo masika! Matokeo yake mashindano yaliyobuniwa kama matembezi ya sikukuu yakawa mtihani mgumu kuliko yote duniani kwa magari.

Hapa niseme kidogo kuhusu tope, maana wanaobishana kuhusu madereva bila kujua tope wanapoteza muda. Kuna udongo mweusi wa mbugani, ule wa tambarare, ambao ukilowa unameza. Gari linazama mpaka ekseli, na huko unahitaji nguvu na watu wa kusukuma. Halafu kuna udongo mwekundu wa milimani, ambao haumezi, unateleza. Juu unaonekana imara, ila mvua ikinyesha nusu saa unakuwa kama sabuni. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 tu, lakini unapanda karibu mita 1,000, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili korongo. Leo barabara hiyo ina lami. Ukiiacha ukaingia njia za vijijini, udongo ni ule ule wa zamani. Mbugani ukikosea unachelewa. Usambara ukikosea unaanguka. Ndiyo maana mtu anayejisifu kuwa amepita kwenye tope, mimi humuuliza kwanza tope la wapi.

Sasa tuje kwenye miaka miwili ambayo kila mpenzi wa Safari anaitaja. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza saba. Ndiyo, saba tena. Magazeti yakawapa jina la saba wasiozama, na likawashika mpaka leo. Miaka yote miwili mshindi alikuwa yule yule, Nick Nowicki, mtu mwenye asili ya Poland aliyeishi Kenya, akiwa na msoma ramani yule yule, Paddy Cliff, na gari la aina ile ile, Peugeot 404. Kati ya saba wa 1968 kulikuwa pia na akina mama wawili, Lucille Cardwell na Geraldine Davies, ndani ya Datsun. Wakati huo madereva wa viwandani kutoka Ulaya walikuwa wamekwama porini wakingoja trekta.

Kuna kitu ambacho sijaona kikitajwa sana kwenye ubishi huu, nacho ni kalenda. Mwaka 1963 Pasaka iliangukia tarehe 14 Aprili. Mwaka 1968, tarehe 14 Aprili. Mwaka 1974, ambao nao ulikuwa wa mvua kubwa na Joginder Singh akashinda kwa Mitsubishi Lancer huku Bjorn Waldegard akiwa wa pili na Porsche yake, Pasaka ilikuwa tarehe 14 Aprili. Sio uchawi. Pasaka hufuata mwezi mpevu, hivyo huweza kuja popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili, na masika huanza katikati ya Machi. Pasaka ikija mapema, kama ile ya 26 Machi 1967, ardhi bado ina kiu na inakunywa maji. Ikija katikati ya Aprili, ardhi imeshashiba na kila tone linabaki juu. Lakini tusiigeuze kuwa kanuni. Mwaka 1965 Pasaka ilikuwa 18 Aprili, na waliomaliza walikuwa wengi kuliko saba.

Aliyeshinda 1965 alikuwa Joginder Singh pamoja na kaka yake Jaswant, kwa Volvo iliyokwishatumika. Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, fundi gari hasa, na rekodi yake inatisha: aliingia Safari mara 22, akamaliza 19, akashinda tatu (1965, 1974 na 1976). Wapinzani wake husema mwaka 1965 alibahatika kupata namba moja ya kuondoka. Hoja hiyo ina uzito nusu. Anayetangulia anapata barabara ambayo haijavurugwa, kweli, lakini hana alama za tairi za kumwonyesha dimbwi lina kina gani. Yeye ndiye fimbo ya kupimia mto.

Na sisi tulikuwa na wetu. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell, nao kwa Peugeot 404. Ukiuliza vijana wa leo wa Dar hakuna anayemjua. Wanamjua Colin McRae wa kwenye gemu za kompyuta.

Kura yangu? Kwa ustahimilivu wa miaka yote nampa Joginder, wala sibishani na mtu. Kwa tope, nampa Nowicki. Tufanye hesabu ya darasani: kama kumaliza kungekuwa bahati nasibu tupu, uwezekano wa mtu mmoja kuwa ndani ya saba mara zote mbili, saba kati ya 84 na saba kati ya 93, ni chini ya moja kwa mia. Na huyu hakumaliza tu, alishinda zote mbili. Hiyo siyo bahati.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo matokeo rasmi hayaionyeshi. Gari likikwama, anayelitoa si dereva peke yake. Ni wanakijiji. Kila mahali Safari ilikopita, watu walikaa kwenye tope wakisubiri magari, wakasukuma, wengine kwa furaha ya mchezo, wengine kwa shilingi. Husimuliwa pia kwamba wapo waliomwaga maji usiku ili tope lisikauke na biashara isife. Wazungu walililalamikia sana hilo. Mimi nasema hiyo nayo ni akili.

Tena kwa Usambara kuna chumvi kwenye kidonda. Serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kuhifadhi udongo kule Mlalo mwaka 1946, na miaka ya 1950 ukaenezwa Usambara nzima. Wasambaa walilazimishwa kulima kwa matuta ili mvua isibebe udongo, na asiyechimba alishtakiwa. Kazi ilikuwa nzito, kubwa yake ikawaangukia wanawake, na watu wakaikataa mpaka mradi ukafa mwishoni mwa miaka hiyo. Sasa weka mambo haya mawili pamoja. Mwaka 1953 kuna mtu amelipa fedha zake aje ahangaike na tope kama mchezo, na kuna mama mlimani anatishiwa faini kwa sababu ya tope lile lile, ambalo kwake ni shamba linalokimbia kwenda bondeni. Barabara alizopita yule mwenye gari zilichongwa na babu za huyu mama kwa jembe na sururu, na mara nyingi haikuwa kwa hiari. Historia ya Safari ikiandikwa bila watu hao ni nusu ya historia.

Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam yenyewe, na Hannu Mikkola wa Finland akawa mgeni wa kwanza kushinda. Miaka michache baadaye Tanzania na Uganda zikawa zimeshatoka kwenye ramani ya Safari. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, Jumuiya ikavunjika, na Safari ikabaki ya Kenya peke yake. Iliondoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 kule Naivasha. Mwaka 2024 wakairudisha Pasaka makusudi, wakitafuta mvua ya zamani.

Usambara walibaki na pikipiki. Wala hazikuwa ngeni kabisa nchini: kwenye vita vya 1916 Afrika Kusini ilileta kikosi kizima cha pikipiki, na masika ya mwaka huo yakakwamisha jeshi la van Deventer kule Kondoa Irangi. Sheria ya kuruhusu pikipiki kubeba abiria ilikuja 2009, na kanuni zake 2010, wakati bodaboda wenyewe walishaanza kazi siku nyingi.

Kwenye MotoGP, tangu 2005 kanuni inaruhusu mvua ikianza mpanda pikipiki aingie pembeni, abadilishe pikipiki nzima yenye tairi za mvua, arudi mbioni. Ya kwanza kubadilishwa hivyo ilikuwa Phillip Island, Australia, mwaka 2006. Wa Lushoto ana Boxer moja, pengine ya mkataba, na tairi ambayo kashata zake zimebaki kidogo. Akiona mlima umelowa anafunga mnyororo au kamba kwenye tairi la nyuma, anapunguza upepo, breki ya mbele haigusi, anashuka na gia. Pakizidi anamwambia abiria ashuke atembee, naye abiria akilalamika anaombwa asukume.

Kuhusu ile kalenda, nimeifuatilia mbele kidogo. Tangu 1974 Pasaka haijaangukia tena tarehe 14 Aprili. Itafanya hivyo mwaka 2047, na hawa wanaobishana sasa hivi Mombo watakuwa na mvi.