Makaa ya mawe badala ya koki: tanuri lipi linakubali?

Koki ni makaa ya mawe yaliyochomwa bila hewa, kwenye joto la takriban nyuzi 1,000 za Selsiasi, hadi gesi na lami vikatoka. Kinachobaki ni kigumu, chepesi na chenye vitundu. Kwa kuwa koki ni ghali zaidi, viwanda hutafuta njia ya kuipunguza. Anayeuza makaa ya mawe anapaswa kujua kwanza aina ya tanuri la mteja wake.

Tanuri refu la chuma
Humo koki hufanya kazi tatu: hutoa joto, huondoa oksijeni kwenye mawe ya chuma, na hubeba uzito wa shehena iliyo juu huku ikipitisha hewa. Makaa mabichi hulainika au kuvunjika, na unga wake huziba njia ya hewa. Hata hivyo, makaa yaliyosagwa hupulizwa kupitia chini ya tanuri, mara nyingi kilo 150 hadi 200 kwa kila tani ya chuma. Hupunguza koki, lakini hayaiondoi.

Matanuri mengine
India huzalisha chuma kingi kwa matanuri ya kuzunguka yanayotumia makaa ya mawe yasiyofaa kutengenezea koki. Huko Mufulira, Zambia, tanuri la shaba lililoanza kazi mwaka 2006 hutumia makaa ya mawe kama nishati ya nyongeza.

Makaa ya ukanda huu
Hwange nchini Zimbabwe na Moatize nchini Msumbiji kuna makaa yanayofaa kutengenezea koki. Makaa ya Ngaka, mkoani Ruvuma, Tanzania, yanajulikana zaidi kama nishati ya viwanda vya saruji.

Kwa wasafirishaji
Koki ina uzito wa karibu nusu tani kwa mita moja ya ujazo, hivyo lori huweza kujaa kabla ya kufikia uzito unaoruhusiwa. Hunyonya maji, kwa hiyo ifunikwe turubai, na kila inaposhushwa huvunjika. Makaa ya mawe yakirundikwa muda mrefu huweza kupata moto yenyewe.

Kabla ya kusaini mkataba, mkubaliane kwa maandishi kiwango cha majivu, salfa, unyevu na ukubwa wa vipande, pamoja na maabara itakayopima. Mzigo ukikataliwa getini, hasara ya safari lazima iwe na mwenyewe.