Fedha ya Shaba Isiyo na Herufi: Historia ya Misalaba ya Katanga

Sarafu za shaba zilizotengenezwa Kilwa Kisiwani kuanzia karne ya 11 hutambuliwa kwanza kwa maandishi yake ya Kiarabu, kwani upande mmoja hubeba jina la sultani, kama vile Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yanayofuata kina cha jina hilo. Kwa kuwa hazikuandikwa mwaka, wataalamu hupima umri wake kwa umbo la herufi na kwa tabaka la udongo zilimofukuliwa.

Huko Katanga, nchi ya shaba iliyoko Kongo, shaba hiyo iligeuzwa fedha bila herufi hata moja. Mafundi waliyeyusha malakiti, yaani jiwe la kijani lenye shaba, kisha wakamimina shaba hiyo katika kalibu zenye umbo la msalaba. Umri wa misalaba hiyo ulianza kujulikana kutokana na makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na Jacques Nenquin mwaka 1957 na Jean Hiernaux mwaka 1958, kisha na Pierre de Maret katika miaka ya 1970. Makaburi ya zamani zaidi yalikuwa na misalaba mikubwa michache, iliyowekwa mara nyingi kifuani mwa marehemu, ilhali yale ya baadaye yalikuwa na misalaba midogo mingi, iliyokaribiana kwa vipimo na kulazwa penye mikono au nyonga. Ulinganifu huo wa vipimo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwamba misalaba ilikuwa imekwisha kuwa fedha ya kuhesabiwa, na unastahili kusomwa kwa uzito uleule unaopewa jina la sultani katika sarafu za Kilwa.

Katika karne ya 19 Msiri, mtawala aliyetoka upande wa Tabora na kuweka makao yake Bunkeya, huko Katanga, aliimiliki biashara ya shaba na pembe za ndovu iliyofika pwani zote mbili za bara, hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold II. Mwaka 1961 serikali ya Katanga iliyojitenga na Kongo ilitoa sarafu za faranga 1 na 5 zenye picha ya msalaba huo wa shaba, safari hii pamoja na jina la nchi na mwaka.