Nani Ananunua Moto? Jiko la Wanafunzi wa Mtwara na Historia Yake

Mwezi uliopita vijana wanne ninaowafundisha waliniomba niwaamulie ugomvi. Wamepanga vyumba viwili katika nyumba moja ya Chikongola, hapa Mtwara, na wanapikia mtungi mmoja wa gesi wa kilo 6. Mtungi huo ulikuwa ukiisha kabla ya siku zake. Watatu walimlaumu wa nne: karibu kila siku anachemsha maharage au mbaazi, ilhali wao hukaanga mayai, huchemsha chai na kuondoka. Wa nne alijibu kwa sauti ya chini kwamba robo yake ya mchango ameilipa kama wao. Kisha akaongeza, “Dokta, mimi hela ya mayai ya kila siku sina.” Wenzake wakatazama chini.

Nikafanya kile ambacho watu wa rika langu hufanya wanapoombwa ushauri na vijana: nikahutubia. Nikasema habari za kuvumiliana, za zamu, za kuosha sufuria mara baada ya kula. Tukaandika hata ratiba, ikabandikwa ukutani kando ya jiko. Haikumaliza wiki mbili. Mimi ni mwalimu wa historia, nami nilipaswa kujua kwamba swali la kwanza juu ya jiko lolote la pamoja halihusu tabia za wapishi. Linahusu moto: unatoka wapi, na nani anaununua.

Nyumba wanayoishi vijana hao ni ya aina ambayo kila msomaji wa pwani anaifahamu. Vyumba vinatazamana katika ukumbi mmoja mrefu, na nyuma kuna ua wenye choo, bafu, kamba za kuanikia nguo na kibanda cha kupikia. Mji wa Mtwara wenyewe ulikua haraka baada ya mwaka 1947, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipoanzisha mradi wake wa karanga na kuhitaji bandari yenye kina kwa ajili ya Nachingwea. Mradi ulikufa mapema mno, mwaka 1951. Bandari ilibaki, na pamoja nayo wakabaki watu waliokuja kutafuta kazi wakahitaji chumba cha kupanga. Nyumba yenye ua wa pamoja iliwafaa, kwa sababu iliwawezesha watu wasio ndugu kuishi chini ya paa moja bila kulazimika kuwa ndugu.

Hapa naomba tutazame kwa makini, kwani tumezoea kuusimulia uani kana kwamba ulikuwa ujamaa mdogo. Haukuwa hivyo. Uani walishirikiana mahali, lakini kila mpangaji alikuwa na mafiga yake, baadaye jiko lake la mkaa, na chungu chake. Kilichoombwa kwa jirani kilikuwa kaa la moto la kuwashia, na kaa moja halimfilisi mtu. Chumvi iliombwa, na nazi iliombwa kwa ahadi ya kurudishwa. Kuni hazikuombwa hovyo. Zaidi ya hayo, kuni na mkaa ni vitu vinavyoonekana. Gunia likipungua unaona limepungua, na aliyechemsha ming'oko tangu asubuhi amechoma mkaa wake mwenyewe. Ugomvi haukukosekana, hasa wa maji na wa zamu ya kufagia, ila hesabu ya moto haikuhitaji mwamuzi.

Jiko la wanafunzi lilikuwa na historia nyingine kabisa. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, aliyeingia chuoni au katika sekondari ya bweni alipikiwa na serikali. Kuni zilikuja kwa lori, ugali ulisongwa katika masufuria makubwa, maharage yalichemka tangu alfajiri. Mimi niliwahi mwisho mwisho wa zama hizo nikiwa bwenini, na sitaki kuzipamba. Maharage yetu yalikuwa na wadudu. Kulikuwa na migomo ya chakula, na wapo wenzetu waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya sahani zilizogongwa mezani. Lakini angalieni ugomvi ule ulielekea wapi. Ulielekea juu, kwa mwalimu wa zamu, kwa mkuu wa shule, kwa wizara. Hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa kula chakula kinachochelewa kuiva, kwa kuwa wote walikula hicho hicho, na moto haukuwa wa yeyote kati yao.

Mwaka 1986 nchi yetu ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 sera ya kuchangia gharama ikaingia vyuo vikuu kwa awamu. Gharama ya chakula na malazi ikaanza kuhama kutoka bajeti ya chuo kwenda mfukoni mwa mwanafunzi, kwanza kama mchango, kisha kama deni. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi mwaka 2005. Leo anayepata mkopo kamili hupangiwa shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, baada ya kiwango hicho kupandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022. Wanafunzi huziita “boom”, na zikiingia Mtwara nzima inajua, kuanzia vibanda vya chipsi hadi madereva wa bodaboda. Asiyepata mkopo, kama yule kijana wa maharage, husikia tu mlio wa simu za wenzake.

Sidai kwamba wakubwa wa wakati ule walikaa wakapanga kuwagombanisha vijana. Nasema kwamba ugomvi uliokuwa ukipanda kwenda wizarani ulishushwa hadi uani, na tangu hapo tunauita utovu wa nidhamu.

Kisha ukaja mtungi. Gesi ni safi na ni ya haraka, na mtu aliyewahi kupuliza mkaa uliolowa wakati wa masika hahitaji kushawishiwa. Lakini mtungi una sifa moja ambayo uani haukuwahi kukutana nayo: moto wake hauonekani unavyopungua. Wanne wananunua pamoja kitu ambacho hakuna anayeweza kusema ametumia kiasi gani, mpaka siku kinapozimika chini ya sufuria ya mtu fulani, na mtu huyo ndiye anayekuwa mkosaji. Na chakula cha bei nafuu ndicho kinachokula moto mwingi. Maharage ni rahisi sokoni na ghali jikoni. Mayai ni kinyume chake. Kwa hiyo katika mtungi wa kuchangia sawa kwa sawa, maskini huonekana mwizi.

Yote haya yanatokea Mtwara, si mahali pengine. Gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, mahali ambapo mikoko iliwapa watu boriti na kuni kwa vizazi vingi, na ambapo tangu mwaka 2000 pana hifadhi ya bahari. Mwaka 2013 mji huu uliwaka moto wa aina nyingine, watu walipouliza bomba la kwenda Dar es Salaam litawaachia nini. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015. Zipo nyumba na taasisi za Mtwara zilizounganishwa na gesi hiyo, na inafika kwa mita, kila mtu akilipia alichochoma. Uani wa vijana wangu haujafikiwa. Wao wanapikia gesi ya mtungi, ambayo imeagizwa kutoka ng'ambo kwa meli.

Ratiba yangu ilipochanwa, aliyeamua ni mama mwenye nyumba. Aliwaita jioni, wakamwamkia, akawaambia: “Wanangu, chakula cha saa mbili hakipikwi kwa moto wa dakika kumi.” Akatoa jiko lake kuukuu la mkaa, akaagiza maharage yalowekwe usiku kucha, yachemshwe nje mara mbili kwa wiki, ya wote wanne, kila mmoja akitoa kopo lake la mkaa. Gesi ibaki ya chai, mayai na kupasha. Hakuzungumzia kuvumiliana hata mara moja. Amani imerudi. Yule kijana sasa ndiye mpishi wa maharage, na wenzake wanayala. Nadhani wameacha hata sehemu ya mayai.

Hapo ndipo watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu watakaponikunjia uso, na wana haki. Tunao Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeelekezwa kuachana na kuni na mkaa. Vijana wangu wamepatana kwa kurudi kwenye mkaa. Lakini chuo ambacho wengi wa wanafunzi wake hujipikia mitaani, kwa hesabu hiyo, kinalisha wangapi? Wale wanaopika uani Chikongola, Magomeni na Ligula hawamo katika jiko la taasisi yoyote. Katika takwimu za kaya nako ni wapangaji wa msimu, wanaoondoka chuo kikifungwa. Nimewaomba wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wahesabu, nyumba kwa nyumba, wangapi wanashiriki mtungi mmoja na umbali wa nyumba hizo kutoka bomba lililo karibu. Wataanza Jumatatu, kwa nyumba ya mama yule.