Miraa, joto na ngoma za usiku: Namna ya kumwokoa aliyezidiwa

MJI wa Isiolo uko mahali ambapo miraa haikosi. Milima ya Nyambene, kitovu cha zao hilo nchini Kenya, iko jirani, na majani yanayovunwa huko asubuhi yanaweza kutafunwa Isiolo siku hiyo hiyo. Ukaribu huo una maana ya kitabibu. Kemikali inayomchangamsha mlaji, kathinoni, huanza kupungua mara jani likishakatwa, na baada ya siku mbili hivi kinachobaki zaidi ni kathini iliyo dhaifu. Ndiyo sababu mabunda hufungwa kwa majani ya mgomba na magari ya miraa hukimbizwa mno barabarani. Mlaji wa Isiolo, basi, hulipata jani likiwa na makali yake.

Hata hivyo, miraa isikuziwe ubaya. Ni zao halali nchini, na Shirika la Afya Duniani (WHO) lililoichunguza mwaka 1980 liliona kwamba uraibu wake si mzito kama wa pombe au tumbaku. Isitoshe, kutafuna ni kazi ya polepole: taya huchoka kabla ya moyo kuzidiwa. Breki hiyo hulegea pale miraa inaposagwa na kunywewa kama juisi, kwani mnywaji hajui amemeza kiasi gani. Kwenye tembe haipo kabisa. Mephedrone, tembe na unga uliopigwa marufuku Uingereza mwaka 2010 baada ya kuenea katika vilabu vya muziki, ni ndugu wa kathinoni aliyetengenezwa maabarani.

Hatari kubwa Isiolo, kwa maoni yangu, ni mchanganyiko. Kijana anayekesha kwenye ngoma ya harusi, au anayepitia mjini humo akielekea tamasha la Loiyangalani, lililoanza mwaka 2008, au mashindano ya ngamia ya Maralal, hutafuna tangu alasiri, huongeza kinywaji cha kutia nguvu, kisha huteremsha handasi kwa pombe au tembe za usingizi. Hajala, kwa kuwa miraa huua hamu ya chakula. Hajalala. Amecheza juani, na mwili wake umekauka. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu vimepanda, mishipa imebana, na joto linalozalishwa na misuli halina pa kutokea.

Jinsi ya kutofautisha handasi ya kawaida na sumu ni jambo ambalo kila mwandalizi wa sherehe anapaswa kulijua. Mwenye handasi huongea sana, lakini ukimuuliza jina lake na mahali alipo hujibu sawasawa. Aliyezidiwa huchanganyikiwa, huona visivyokuwepo, hutetemeka au hupatwa na kifafa, na ngozi yake huwa ya moto, iwe imelowa jasho au imekauka. Maumivu ya kifua, kichwa kinachouma ghafla kupita kiasi, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ni dalili za moyo au kiharusi. Hayo hayangojwi hata kama mgonjwa ni wa miaka ishirini.

Kinachoua upesi ni joto. Mwili ukipita nyuzi 40 na akili ikiwa imevurugika, kila dakika ina thamani, na kumpoza kunaanza pale pale alipoanguka. Katika jimbo la New South Wales, Australia, vijana sita walifariki kati ya 2017 na 2019 kutokana na tembe za ekstasi kwenye tamasha za muziki. Uchunguzi wa vifo hivyo, ambao ripoti yake ilitolewa Novemba 2019, uliangalia kwa makini huduma iliyopatikana uwanjani kabla ya hospitali. Hoja hiyo ina uzito zaidi katika kaunti ambayo safari ya kutoka Merti hadi hospitali kuu ya Isiolo huchukua saa kadhaa.

Vifaa vyenyewe si ghali. Turubai likishikwa kingo na watu wanne au zaidi, mgonjwa akalazwa katikati na kumwagiwa maji yenye barafu ya wauza soda, linakuwa hodhi. Kichwa kishikwe juu ya maji. Pasipo barafu, mvue nguo, mloweshe mwili mzima na kumpepea bila kukoma. Hewa kavu ya Isiolo husaidia maji kukauka na kubeba joto. Panadol haifai hapa, kwa sababu joto hili halitokani na homa.

Asifungwe kamba wala kukandamizwa kifudifudi. Kadiri anavyopigana ndivyo misuli inavyozidi kuchemka, na kifua kilichobanwa hakipumui. Mtoeni kwenye kelele, aongee naye mtu mmoja tu, kwa upole. Akipatwa na kifafa msimtie kijiko mdomoni. Kikipita, mlazeni ubavu. Msimtapishe wala kumlazimisha kunywa maziwa. Maji mengi kupita kiasi nayo hupunguza chumvi ya damu na kuvimbisha ubongo, hasa kwa waliomeza ekstasi.

Kliniki, dawa ya kwanza huwa ya jamii ya dayazepamu, ambayo hutuliza misuli, moyo na kifafa kwa pamoja. Kwa hivyo daktari lazima aambiwe kama mgonjwa amekwisha kumeza pombe au tembe za usingizi, maana zikijumlishwa pumzi inaweza kukatika.

Hapo ndipo wenzake husitasita, wakihofia polisi na gharama, na mgonjwa huachwa ndani ya gari “alale kidogo”. Kifungu cha 43 (2) cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inakifanya kuwa kosa kituo chenye uwezo kukataa kuyatoa. Msalaba Mwekundu hupatikana kwa nambari 1199.

Aliyepona achunguzwe bado. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi siku moja au mbili baadaye, misuli imevunjika na figo ziko hatarini, na ni lazima arudishwe hospitalini.